Kutazamia na Kudai

Yako maneno mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku hukaa pamoja kama ndugu wa tumbo moja, hata watu wengi hawaoni tofauti yao. La kwanza ni kutazamia, la pili ni kudai. Mwenye kutazamia hukaa mlangoni akaiangalia njia, maana neno lenyewe limezaliwa na kutazama. Anayemngojea akija, ni furaha. Asipokuja, ni huzuni, lakini hapana aliyemdhulumu mwenziwe. Mwenye kudai naye hukaa mlangoni, pengine mlango ule ule na juu ya mkeka ule ule, ila mkononi mwake ana daftari. Kwake yeye mgeni akichelewa amevunja ahadi, na asipokuja kabisa amekula mali ya watu. Kwa macho ya mpita njia watu hawa wawili ni sawa. Wote wametulia, wote wanatazama upande mmoja, na ukiwauliza, wote watakuambia kuwa wana matumaini.

Swali langu ni hili. Watu wengi wanapoweka matumaini yao juu ya mtu mmoja aliyeingia katika kazi mpya, matumaini hayo huwa deni wakati gani? Na yakiisha kuwa deni, ni nani aliyekopa?

Ningeweza kulitafuta jibu katika habari za mawaziri na wakuu wa nchi, lakini katika mambo hayo kila msomaji ana upande wake, na mwenye upande husoma kwa jicho moja. Nimechagua mfano ulio mbali nasi, na mdogo kwa sura: mpira wa kikapu wa wanawake katika Chuo Kikuu cha Tennessee, katika mji wa Knoxville, Marekani, na msimu wa kwanza wa mwalimu wao mpya, Bibi Kim Caldwell, ulioanza mwishoni mwa mwaka 2024 ukaisha Machi 2025. Nimesema mdogo kwa sura tu. Uwanja wanaochezea una viti zaidi ya 20,000, na mtu aliyepata kuona maelfu ya watu wazima wamevaa rangi moja, wameshika vichwa vyao kwa mikono miwili kwa sababu msichana wa miaka ishirini amekosa kikapu, hatathubutu kuliita jambo hilo dogo.

Mchezo huu niliujua kwa njia ya chumba cha kupanga. Miaka nilipokuwa Marekani nikitafuta shahada ya udaktari, na kuwafundisha vijana wa huko Kiswahili ili nipate karo, nilikaa kwa mama mmoja mjane, mzaliwa wa Tennessee ya mashariki. Nilimwita Mama. Mwanzoni alicheka, maana kwao jina hilo ni la aliyekuzaa tu. Kisha alilizoea, hata akawa ananikumbusha siku nilipolisahau. Jioni za baridi alivaa fulana ya rangi ya machungwa, akawasha televisheni, nami nikaviacha vitabu vyangu juu nikashuka. Sikujua sheria za mchezo. Yeye alinifundisha, na pamoja na sheria akanifundisha nasaba, kama mzee wa kwetu amfundishavyo kijana majina ya ukoo kabla ya kumwonyesha mipaka ya shamba.

Nasaba ile ilikuwa na jina moja juu ya mengine yote: Pat Summitt. Alizaliwa mwaka 1952, akakulia katika shamba, na mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 22, akapewa timu ya wanawake ya Tennessee wakati ambapo hapana mtu aliyeitaka. Sheria iliyokataza shule na vyuo vinavyopata fedha za serikali kuwabagua wanawake ilikuwa imepitishwa miaka miwili tu kabla yake, mwaka 1972, na matunda yake yalikuwa bado mabichi. Mshahara wake ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Gari la kuwapeleka wachezaji mechini aliliendesha mwenyewe, na nguo zao alizifua mwenyewe. Wachezaji wengine walikuwa karibu rika lake. Mchezo wake wa kwanza alishindwa na Mercer, 84 kwa 83. Msimu ule ulipokwisha alikuwa ameshinda mara 16 na kushindwa mara 8, na mji wa Knoxville ukalala usingizi wake wa kawaida, maana haukuwa ukimtazamia kwa lolote.

Naomba msomaji aishike habari hii mkononi asiiache. Ubingwa wake wa kwanza wa taifa Bibi Summitt aliupata mwaka 1987. Ulikuwa msimu wake wa kumi na tatu. Kabla ya hapo alifika fainali zaidi ya mara moja akarudi mikono mitupu. Baada ya hapo alichukua ubingwa mara saba zaidi, wa mwisho mwaka 2008. Katika msimu wa 1997 hadi 1998 timu yake ilicheza michezo 39 isishindwe hata mmoja. Alipoacha kazi mwaka 2012 alikuwa ameshinda mara 1,098 katika misimu 38. Na jambo ambalo Mama alilisema kwa sauti ya chini zaidi, kama mtu anayetaja sadaka, ni kuwa kila msichana aliyemaliza muda wake wote wa kucheza chini ya mwalimu huyo alipata shahada yake.

Nilikuwa sebuleni kwa Mama Agosti 2011, ilipotangazwa kwamba Bibi Summitt ana maradhi ya kusahau yaitwayo Alzheimer, naye akiwa na miaka 59 tu. Mama hakulia. Alikwenda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa vimekwisha kuoshwa. Mwanamke yule alifariki dunia tarehe 28 Juni 2016. Leo sakafu ya uwanja ina jina lake, na karibu na uwanja iko sanamu yake. Yeyote apewaye kazi ile sasa huenda kazini karibu na sanamu, na kufanya kazi yake juu ya jina.

Waliomfuata wawili wa kwanza walikuwa watoto wa nyumba. Bibi Holly Warlick alimchezea Summitt, kisha akamsaidia kwa miaka 27. Akaongoza tangu 2012 hadi 2019. Bibi Kellie Harper alikuwa mchezaji wa timu iliyochukua ubingwa mara tatu mfululizo, 1996, 1997 na 1998. Akaongoza tangu 2019 hadi 2024. Wote wawili waliondolewa. Wa kwanza aliifikisha timu mara tatu katika hatua ya timu nane za mwisho za taifa, wa pili mara mbili katika hatua ya timu kumi na sita. Katika vyuo vingi vya nchi ile mambo hayo yangetosha kumpa mtu jengo lenye jina lake. Knoxville hayakutosha.

Ndipo Aprili 2024 alipoletwa mgeni. Bibi Caldwell alikuwa na miaka 35, mtoto wa West Virginia, hakupata kucheza wala kufanya kazi chini ya Summitt. Alifundisha misimu saba katika chuo kidogo alichosoma, Glenville State, akachukua ubingwa wa daraja la pili mwaka 2022; kisha msimu mmoja tu katika chuo cha Marshall. Mchezo wake ulikuwa wa namna yake: kuwabana wapinzani uwanja mzima tangu mwanzo hata mwisho, kupiga kutoka mbali bila kusita, na kuwabadilisha wachezaji watano kwa mkupuo mmoja ili miguu iwe mipya siku zote. Nilimpigia simu Mama, ambaye sasa amepita miaka themanini, nikamwuliza mwalimu mpya ni mtu gani. Akanijibu kwa maneno mawili: si Pat.

Nilicheka. Lakini maneno yale mawili yalikataa kunitoka, na sababu yake nitaieleza mbele kidogo.

Kwanza tuwape mashabiki haki yao, maana wana hoja. Watasema: sisi hatukumlazimisha mtu. Bibi huyu aliletewa kazi akaikubali kwa hiari yake, akijua ni kazi ya nani. Alipokea mshahara ambao Summitt wa mwaka 1974 asingeuota. Alikuta uwanja umejengwa, wachezaji hodari wanaotaka kuja kwa sababu ya jina, na watu walionunua tiketi kabla hajafundisha siku moja. Aingiaye katika nyumba ya urithi hachagui kulala katika vitanda na kukataa kulipa madeni. Hoja hii ni nzito, na wale wanaosema kuwa mchezo ni mchezo tu, kwa hiyo hapana haki wala wajibu ndani yake, hawajaijibu; wameikimbia. Mimi nakubali kuwa Bibi Caldwell alikopa kitu siku aliyotia sahihi. Ninachouliza ni kitu gani.

Deni la haki lina sharti moja ambalo hata mtoto wa dukani analijua: kinachodaiwa lazima kiwe kitu ambacho mdaiwa aweza kukitoa. Mvuvi aliyechukua fedha zako kabla ya kwenda baharini unaweza kumdai atoke alfajiri, awe na nyavu nzima, asiuze samaki wako kwa mwingine. Huwezi kumdai samaki waliokataa kuingia wavuni. Sasa ushindi katika mchezo ni wa namna hii, na zaidi, maana samaki hawana mwalimu wala mashabiki. Nusu ya kila ushindi iko mikononi mwa mpinzani. Siku ile Knoxville inapoomba ushindi, wako watu wengine katika mji mwingine, wenye rangi nyingine, wanaomba kitu kile kile kwa moyo ule ule, na mahali pa kukiweka ni pamoja tu. Kwa hiyo mwalimu anayeahidi ushindi ameahidi mali ambayo nusu yake si yake, na shabiki anayeudai anamdai mtu mmoja fedha za watu wawili.

Tazama mwezi wa Januari mwaka 2025. Timu ilikuwa imeshinda michezo 13 ya mwanzo yote. Katika mmoja wa michezo hiyo, Desemba, ilipata vikapu 30 vya pointi tatu dhidi ya chuo cha North Carolina Central, idadi ambayo hapana timu ya wanawake wa vyuo vya daraja la kwanza iliyokuwa imepata kuifikia. Matumaini yakapanda kama maji ya bamvua. Kisha tarehe 5 Januari Oklahoma wakawashinda 87 kwa 86. Tarehe 9 chuo cha Louisiana State kikawashinda 89 kwa 87. Tarehe 19 Vanderbilt wakawashinda 71 kwa 70. Zijumlishe tofauti hizo tatu, utapata pointi nne. Mikwaju miwili au mitatu ya mpira ingeingia badala ya kugonga chuma ikatoka, watu wale wale wangesema mwalimu huyu ni hodari, amezaliwa kwa kazi hii. Haikuingia, wakauliza kama mchezo wake unafaa kwa wapinzani wakubwa. Mwanamke ni yule yule na kazi yake ni ile ile. Kilichobadilika ni chuma. Nafikiri hapana mahali ambapo hukumu zetu juu ya wanadamu huonekana wazi zaidi kuliko hapa, kwa sababu katika mambo mengine ya maisha ukubwa wa bahati hatuuoni, hautangazwi kwa tarakimu ubaoni.

Nimeacha jambo moja, nalo ni zito. Katika wiki hizo zote Bibi Caldwell alikuwa mjamzito. Mchezo wa Vanderbilt aliuongoza akiwa amefikia siku zake, na kesho yake, tarehe 20 Januari, akajifungua mtoto wa kiume. Alikosa mchezo mmoja. Tarehe 27, siku saba baada ya kujifungua, alikuwa amesimama tena ukingoni mwa uwanja, timu yake ikicheza na South Carolina, mabingwa wa taifa wa mwaka uliotangulia. Walishindwa, 70 kwa 63.

Sifa zilimiminika. Mama aliniambia kwa fahari kwamba hata Pat, mwaka 1990, uchungu ulimshika akiwa Pennsylvania nyumbani kwa msichana aliyekuwa akimtafuta kwa ajili ya timu, akakataa kuzaa huko, akapanda ndege ili mwanawe azaliwe katika ardhi ya Tennessee. Ni kisa kizuri, na wote wawili walifanya walilochagua wenyewe. Si kazi yangu kuwachagulia. Lakini nilipokuwa nikisikiliza nilihisi baridi. Kwetu mzazi hukaa arobaini, na wanawake wa nyumba humkanda kwa maji ya moto, na mtu akimwona sokoni siku ya saba atauliza kama hana watu. Sifa nazo zina daftari lake. Leo twamsifu mmoja kwa kurudi baada ya siku saba. Kesho atakuja wa pili, akikaa siku arobaini tutasema hana moyo wa kazi. Alichokitoa huyu kwa hiari kitakuwa kimekwisha kuandikwa katika hesabu ya yule. Ndivyo zawadi zinavyogeuka kuwa kodi, na mara nyingi mlango wa kugeukia ni makofi.

Kuna kipimo kingine chenye udanganyifu, nacho ni marehemu. Marehemu hashindwi tena. Michezo yake imekwisha kuhesabiwa, na kumbukumbu za wampendao huzifuta polepole zile siku za Mercer, zikabaki siku za ubingwa. Mwalimu mpya hashindanishwi na Summitt wa miaka 22 mwenye nguo za wachezaji ndani ya beseni, ambaye ndiye rika lake katika kazi. Hushindanishwa na sanamu. Mashabiki wa Tennessee hupenda kusema kuwa Summitt aliinua kipimo. Ni kweli aliinua. Lakini yeye mwenyewe alipewa misimu kumi na miwili ya kukosa ubingwa kabla ya kuupata, na aliipewa kwa sababu hapana aliyekuwa akitazama. Waliomfuata hawakupewa hata nusu ya muda huo bila ya hukumu. Mtu atawezaje kudai mavuno ya mkulima wa kwanza huku akikataa kutoa mvua aliyoipata mkulima yule?

Sasa nifike pale nilipoahidi kufika. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, tulikuwa na mwalimu wa ushairi tuliyempenda kupita kiasi. Tulimwita Mzee. Aliingia darasani bila karatasi, akasimama karibu na dirisha, na tenzi ndefu zikatoka kinywani mwake kama mtu anayesimulia alivyoamka asubuhi. Alistaafu tukiwa mwaka wa pili. Akaja mahali pake mwanamke kijana, mwenye shahada mpya na sauti ndogo, ambaye alileta karatasi zilizochapwa vizuri na kusoma kutoka humo. Alisahihisha insha zetu kwa kalamu ya risasi, mstari kwa mstari, jambo ambalo Mzee hakupata kulifanya hata siku moja. Hatukuona. Tuliona karatasi.

Muhula wa pili wenzangu waliamua kuandika barua kwa mkuu wa idara. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri na Kiswahili kilichonyooka, wakanipa kazi ya kuiandika. Niliifurahia kazi ile. Niliweka ndani yake kila kitu nilichojifunza kwa Mzee: mizani, urari, neno zito mwisho wa sentensi. Majina kumi na tisa yalitiwa sahihi chini yake. Mwisho wa mwaka yule mwalimu aliondoka, na sisi tukasema afadhali.

Miaka mingi ilipita. Nilirudi katika idara ile ile nikiwa mhadhiri, na siku moja, katika kutafuta mihtasari ya zamani, nikaikuta barua ile ndani ya jalada. Niliusoma mwandiko wangu nikiwa nimesimama. Ilikuwa kurasa mbili. Nilitafuta humo kosa la mwalimu yule, kosa moja la kutajika: kwamba alichelewa, kwamba alikosea maana ya neno, kwamba alimwonea mtu. Sikuliona. Kurasa mbili nzima, kwa lugha safi, zilisema maneno mawili tu. Si Mzee. Kalamu ya risasi haikutajwa. Insha zangu alizozisahihisha bado ninazo, na ninapowafundisha vijana wangu jinsi ya kupima mstari wa shairi, njia ninayoitumia ni ya karatasi zake, maana njia ya Mzee haikuwa njia. Ilikuwa kipaji, na kipaji hakifundishiki.

Mama asingejua kwa nini nilinyamaza kwenye simu siku ile.

Nadhani hapo ndipo mpaka ulipo. Kumdai mwalimu mpya kazi yake ni haki. Awafundishe wasichana wale kwa bidii, asiwapendelee wengine, aseme kweli akikosea, awalinde wasiumizwe, asome wapinzani wake usiku, na asiuache ule wosia wa shahada ambao ni mali ya kweli ya nyumba ile kuliko vikombe. Haya yote yamo mikononi mwake, naye aliyakopa siku aliyokubali kazi. Kumdai awe mtu mwingine si haki, na haiwi haki kwa kuwa tumelipa tiketi. Na tofauti ya madai haya mawili haionekani katika ukali wa sauti. Yapo malalamiko makali sana ambayo ni ya haki, na yapo manung'uniko laini, yenye adabu na mwandiko mzuri, ambayo ni dhuluma tupu. Mtu atajitambua kwa kujiuliza kama anaweza kulitaja kosa.

Msimu ule ulimalizika kwa namna ambayo hapana mtunzi angeiandika, kwa kuwa haikwenda juu wala chini. Tarehe 6 Februari waliwashinda Connecticut 80 kwa 76, mbele ya watu wao. Tennessee haikuwa imewashinda mahasimu hao tangu mwaka 2007, na Connecticut hao ndio waliochukua ubingwa wa taifa miezi miwili baadaye. Usiku ule hata Mama alimwita mwalimu kwa jina lake la kwanza. Mwezi uliofuata wakatolewa na Vanderbilt katika mchezo wao wa kwanza wa mashindano ya kanda, 84 kwa 76, na jina la kwanza likapotea tena. Katika mashindano ya taifa wakawashinda South Florida 101 kwa 66, kisha Ohio State 82 kwa 67 katika uwanja wa Ohio State wenyewe, halafu Texas wakawazuia, 67 kwa 59, katika hatua ya timu kumi na sita. Hesabu ya mwisho: ushindi mara 24, kushindwa mara 10.

Hatua hiyo ya kumi na sita ndiyo ile ile aliyoifikia Bibi Harper mara mbili, naye akaonekana hatoshi. Bibi Warlick katika msimu wake wa kwanza alipita hapo, akafika nane za mwisho. Kwa Bibi Caldwell watu wengi waliiita mwanzo mwema. Sikusudii kumpunguzia, namwona alistahili neno hilo. Nasema tu kwamba tarakimu moja imekuwa aibu kwa mwanamke mmoja na heshima kwa mwingine, na kilichowatofautisha si kazi zao bali mahali ambapo macho ya watu yalikuwa yamesimama kabla hawajaanza. Wale watoto wa nyumba walitazamiwa kumfufua mama yao. Mgeni, kwa kuwa hakufanana naye hata kidogo, alisamehewa sehemu ya kazi hiyo isiyowezekana. Yamkini ugeni wake, ambao Mama aliutaja kama kasoro, ndio uliokuwa kinga yake msimu ule.

Nilimpigia simu siku mbili baada ya kushindwa na Texas. Nilitazamia kusikia yale maneno mawili, na nilikuwa nimejiandaa kumsimulia habari ya barua yangu. Sikupata nafasi. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na orodha. Alisema Bibi Caldwell aliwatoa wasichana watano kwa pamoja wakati wawili kati yao ndiyo kwanza mikono yao imeanza kushika moto. Alisema mipira iliyogonga chuma iliokotwa na Texas kwa sababu wafupi waliachwa peke yao na warefu. Alisema kubana uwanja mzima ni vizuri, lakini kuna dakika za kubana na dakika za kupumua, na mwalimu yule lazima ajifunze kuzitofautisha, tena mapema, kabla ya majira ya baridi kurudi. Aliendelea hivyo karibu nusu saa. Jina la Pat hakulitaja hata mara moja, nami sikumkatiza.